Tupeane uzoefu: chama cha kufa na kuzikana kilikusitiri au kilikutosa?

Wakuu, salaam. Juzi nimemzika baba mkwe, hapa hapa Mbagala. Kufika saa moja asubuhi turubai limeshafungwa, viti vimepangwa, masufuria ya chama yako mekoni. Na mimi ndiye niliyekuwa nanuna kila mwezi nikidaiwa 5,000! Leteni yenu. Waliolizwa nao waseme.

Fundi Cherehani: Pole mkuu. Mimi nilifiwa na mama mdogo aliyenilea tangu nina miaka 2. Katibu akafungua katiba, akaweka kidole kwenye mstari: mzazi, mwenza, mtoto. "Dada, mama mdogo humu hayumo." Nikaambulia pole ya mdomo. Nilisusa miezi mitatu, nikarudi, tukagombana mkutano mzima hadi likaongezwa neno "mlezi". Neno moja tu hilo.

Mweka Hazina Mstaafu: Katibu alikuwa sahihi, ukilegeza kwa mmoja kesho sanduku tupu. Ila nami yamenikuta. Sanduku letu lina kufuli 3 na funguo ziko kwa watu 3; mimi mweka hazina sina hata mmoja, ndivyo utaratibu ulivyo. Usiku wa msiba, mshika ufunguo mmoja yuko Kibiti harusini, simu haipatikani. Jeneza halingoji. Tukavunja kufuli mbele ya mjumbe, tukahesabu, tukaandika. Ilipokuja Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 tukajisajili, maana tunakopeshana pia. Sasa pesa nyingi ziko benki, sandukuni inabaki ya dharura.

Wa Katesh: Hivi vyama vinaweza msiba mmoja mmoja. Desemba 3, 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang, wa kuchanga na wa kuchangiwa walikuwa watu wale wale. Daftari letu lilikwenda na maji. Hapo ndipo nilipoona kazi ya watu wa kujitolea wanaotoka mbali, kama wale wa Msalaba Mwekundu, hawana msiba wao pale, mikono yao iko huru. Lakini nani kalala wapi, nyumba ipi ilikuwa na watoto wangapi, hilo walituuliza sisi.

Mwanzisha mada: Wa Katesh, poleni sana. Mweka Hazina, kufuli alilipa nani?

Mweka Hazina Mstaafu: Wa harusini. Na faini 10,000 juu.