Urais wa zamu Komoro: haki ya kisiwa au haki ya raia?

MTOA MADA

Swali ninaloliweka mezani ni hili: je, katiba inayomzuia raia kugombea urais kwa sababu tu zamu ya kisiwa chake haijafika inaweza kuitwa ya kidemokrasia? Komoro imeishi na katiba ya namna hiyo tangu mwaka 2001. Msimamo wangu nautaja mapema ili tusizungushane. Zamu ilikuwa kizuizi halali cha haki ya kugombea maadamu ilikuwa fupi na ilikuwa na hakimu wa kuisimamia. Tangu mwaka 2018 kizuizi kimebaki palepale, lakini yote mawili yaliyokihalalisha yameondoka.

Tukumbuke ilikotoka. Uhuru ulitangazwa Julai 6, 1975, na kabla ya mwezi kutimia Rais Ahmed Abdallah alikuwa ameshapinduliwa. Alirudishwa madarakani mwaka 1978 kwa mtutu wa mamluki Mfaransa Bob Denard, akauawa mwaka 1989. Mwaka 1997 kisiwa cha Nzuani kilitangaza kujitenga, na wapo viongozi wake waliodiriki kuomba kurudi chini ya Ufaransa, wakikitazama kisiwa cha Maore (Mayotte) ambacho hakikutoka huko hata siku moja. Lililowachoma ni kwamba vyeo na fedha za nchi viliishia Moroni, mji mkuu ulioko kisiwa cha Ngazija. Makubaliano ya Februari 2001 yaliyofikiwa Fomboni, mji mkuu wa kisiwa cha Mwali, yalijibu kilio hicho moja kwa moja: urais wa Muungano ungezunguka kati ya Ngazija, Nzuani na Mwali kwa vipindi vya miaka minne, na kila kisiwa kingekuwa na rais wake wa ndani.

Utaratibu wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu, maana wengi huulaumu bila kuufahamu. Mwaka 2006 ilipofika zamu ya Nzuani, mchujo ulifanyika Aprili katika kisiwa hicho peke yake. Wapiga kura wa Ngazija na Mwali walibaki nyumbani wakisubiri. Watatu walioongoza ndio waliopelekwa mbele ya nchi nzima mwezi Mei, na Ahmed Abdallah Mohamed Sambi akashinda. Kwa hiyo aliyetaka urais alilazimika kwanza kukubalika kwao, kisha akawaombe kura watu wa visiwa viwili vingine ambavyo havikuwa na mtoto wao katika kinyang'anyiro. Azali Assoumani, mwanajeshi wa Ngazija aliyeingia kwa mapinduzi ya mwaka 1999 kisha akachaguliwa mwaka 2002, alikabidhi ofisi kwa amani. Kwa nchi yenye historia niliyoieleza, hilo halikuwa jambo dogo.

Hakimu wa zamu alikuwa Mahakama ya Katiba. Sambi alipotaka kukaa zaidi ya muda wake, akitumia marekebisho ya mwaka 2009 yaliyorefusha kipindi hadi miaka mitano, watu wa Mwali waliandamana, na mwaka 2010 mahakama ikamkatalia. Uchaguzi ukafanyika mwishoni mwa mwaka huo, na Mei 2011 Ikililou Dhoinine akawa rais wa kwanza kutoka Mwali, kisiwa ambacho watu wake hawafiki hata sehemu ya kumi ya Wakomoro wote. Mwaka 2016 mahakama hiyo hiyo iliamuru kura zirudiwe katika baadhi ya vituo vya Nzuani kabla ya Azali kuthibitishwa kuwa mshindi. Aprili 2018 mshindi huyo akaivunja kwa amri yake na kuyahamishia mamlaka yake Mahakama ya Juu. Miezi mitatu baadaye kura ya maoni, iliyosusiwa na upinzani, iliruhusu rais kuongeza kipindi cha pili mfululizo.

Hesabu iliyofuata kila mmoja anaweza kuifanya. Azali aliingia mwaka 2016, akaanza kuhesabu upya kwa uchaguzi wa 2019, akachaguliwa tena 2024, na kipindi hiki kinaishia 2029. Zamu ya Ngazija itakuwa imechukua miaka 13, na Nzuani itakuwa imesubiri miaka 18 tangu Sambi aondoke. Sambi mwenyewe, ambaye chama chake kilimuunga mkono Azali mwaka 2016, aliwekwa kizuizini nyumbani mwaka 2018 na kuhukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2022 katika kesi ya uuzaji wa uraia, na Mahakama ya Usalama wa Taifa, ambayo hukumu yake haina rufaa.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Ndugu mtoa mada, historia umeieleza vizuri, ila nadhani umeisamehe zamu mapema mno. Haki ya kugombea ni ya mtu, haikupewa ardhi. Chukua kijana wa Moroni ambaye baba yake ni wa Nzuani na mama yake ni wa Mwali: yeye agombee kwa zamu ya nani? Na mchujo unaousifu ndio huo huo uliompitisha Azali mwaka 2016 akiwa wa tatu kati ya wagombea 25, kwa takriban asilimia 15 tu ya kura za kisiwa chake.

Majirani zetu wa Morisi wana mfumo unaofanana na huu kwa nia. Katiba yao ya mwaka 1968 iliweka viti 8 vya ziada bungeni ili jumuiya zisizowakilishwa vya kutosha zipate nafasi, na mgombea akatakiwa atangaze jumuiya yake. Mwaka 2012 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliona kwamba kumlazimisha mtu kujitangaza hivyo, huku hesabu ya jumuiya ikibaki ile ya sensa ya 1972, kunakiuka haki yake ya kushiriki uchaguzi. Dawa ya mgawanyiko ikinywewa kwa nusu karne huwa yenyewe ndiyo inayoulisha mgawanyiko. Mimi ningeifuta zamu kabisa.

MCHANGIAJI WA PILI

Naomba tusiidharau kura ya maoni ya 2018, ambayo matokeo rasmi yaliipa kura za ndiyo zaidi ya asilimia 90. Miaka minne au mitano haitoshi kujenga hata bandari. Tena hizo taasisi za zamani hazikuwa za malaika: Mohamed Bacar aling'ang'ania urais wa Nzuani hadi Machi 2008, alipoondolewa na majeshi ya Umoja wa Afrika, yakiwemo ya Tanzania, pamoja na jeshi la Komoro. Mahakama ya Katiba nayo ilikuwa imekwama kwa kukosa wajumbe wa kutosha.

MTOA MADA

Nashukuru kwa michango. Ndugu wa kwanza, kuhusu kijana wa Moroni sina jibu jepesi, na nakiri kwamba kizuizi kinamuumiza. Lakini mfano wa Morisi unanisaidia mimi zaidi. Kamati ile ilitazama kama kizuizi bado kina sababu ya maana, na takwimu za 1972 ndizo zilizokiangusha. Ukiifuta zamu leo, wakati Ngazija ina takriban nusu ya wapiga kura, Mwali itapata rais lini? Haki ya kugombea bila njia yoyote ya kushinda ni haki ya kwenye karatasi.

Ndugu wa pili, mahakama iliyokosa wajumbe hujaziwa wajumbe. Usisahau kwamba wajumbe wake waliteuliwa na mikono mingi, visiwa vikiwa na fungu lao, na fungu hilo ndilo lililopotea. Matokeo tuliyaona Januari 2024: tume ya uchaguzi ilitangaza kuwa waliojitokeza kumchagua rais ni asilimia 16 tu, ingawa siku hiyo hiyo watu walikuwa wakichagua magavana pia; siku chache baadaye Mahakama ya Juu ikaipandisha idadi hiyo hadi asilimia 56. Kati ya matangazo hayo mawili palikuwa na maandamano, amri ya kutotoka nje na kifo. Nani alikuwa na pa kwenda kuuliza tofauti hiyo ilitoka wapi?

Ninachokipendekeza hakihitaji katiba mpya nzima: zamu irudi kuwa ya kipindi kimoja cha miaka mitano kwa kila kisiwa, na Mahakama ya Katiba irudishwe kwa uteuzi ule wa mikono mingi, kabla ya uchaguzi wa 2029. La sivyo, kama rais kutoka Nzuani naye atachukua vipindi viwili, Mwali itangoja hadi 2039. Anayeona hilo ni sawa na atueleze ni kwa hoja gani atamshawishi mpiga kura wa Fomboni.