Mwalimu anasema ufufuo ni imani ya mitume tu, siyo tukio. Nimjibuje?

mtafuta_kweli:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Nasoma theolojia mwaka wa pili, tumefika kwa Rudolf Bultmann, mwanatheolojia wa Ujerumani, na mwalimu anamkubali kinoma. Ile hoja yake ya 1941, kwamba mtu anayewasha umeme na kusikiliza redio hawezi tena kuamini ulimwengu wa pepo na miujiza wa Agano Jipya, kwa hiyo ufufuo tuuchukue kama imani iliyoamka mioyoni mwa mitume. Darasa zima kimya. Mimi moyo unakataa ila hoja sina, naombeni msaada.

mwana_wa_mchungaji:
Mkuu anzia 1 Wakorintho 15. Hiyo barua hata wasomi wa kiliberali (wale wanaoipima imani kwa fikra za kisasa) wanakubali ni ya Paulo mwenyewe, ya miaka ya 50, yaani ishirini na kitu tu tangu msalaba, na humo anasema anawapa kile alichopokea, kwa hiyo habari ilikuwepo kabla yake. Mst wa 6 anataja ndugu zaidi ya mia tano waliomwona, "wengi wanaishi hata sasa". Mtu anayesimulia hisia za moyoni hakutajii mashahidi walio hai jamani. Na mst wa 14 anajifunga kabisa, kama Kristo hakufufuka kuhubiri ni bure, sasa anayesema haijalishi kama lilitokea au halikutokea huyo anabishana na Paulo.

Halafu hiyo ya umeme haina nguvu hata kidogo. Watu wa zamani walijua vizuri tu kwamba maiti haifufuki, Tomaso aligoma, na Athene wengine walimdhihaki Paulo palepale alipotaja ufufuo (Matendo 17:32).

Neema_K:
Sawa ila tusimwonee Bultmann, alitaka injili imfikie mtu wa kisasa, na kipindi cha Hitler alikuwa upande wa Kanisa la Ungamo, wale Waprotestanti wa Ujerumani waliokataa kanisa litawaliwe na Wanazi.

mzee_wa_zaburi:
Dada Neema nia yake siikatai, shida ni njia. Angalia Karl Barth, alikuwa mchungaji pale Safenwil, Uswisi, amefundishwa na maliberali wakubwa kabisa wa Ujerumani, halafu Oktoba 1914 wasomi 93 wakatoa tamko la kuitetea Ujerumani vitani, kucheki majina anawakuta walimu wake, Harnack yumo, Herrmann yumo!! Ndipo akaona theolojia yao imejengwa juu ya utamaduni wao, ukienda vitani nayo inaufuata. Zama zikishapewa mamlaka ya kuamua Mungu aweze kusema nini, siku zikiharibika utazikemea kwa neno la nani? Ndo maana Azimio la Barmen 1934, tamko la hilo Kanisa la Ungamo ambalo Barth ndiye mwandishi wake mkuu, linaanza na Yesu Kristo kama Neno moja la Mungu tunalopaswa kulisikia na kulitii. Ufunuo tunaupokea, hatuutungi.

mtafuta_kweli:
Mbarikiwe sana, semina ijayo naanza na Athene kisha 1914. Mzee, hilo azimio la Barmen kuna mtu analo kwa Kiswahili? Nataka nilisome lote kabla sijasimama mbele ya darasa.