Mpigaji akikutambia, ni halali kumtwanga na mpira?

Mleta mada

Wakuu, habari za leo. Kuna jambo linatugawa mashabiki wa besiboli kila msimu, naomba tulizungumze kwa hoja. Mpigaji wa timu pinzani amepiga homurani, yaani mpira umevuka uzio na kuleta pointi. Badala ya kuanza kukimbia, anasimama anautazama mpira unavyopaa, anarusha gongo juu, pengine anamtupia mrushaji neno. Siku timu hizo zikikutana tena, mrushaji anamlenga mwilini makusudi. Wengi wanasema hiyo ndiyo adabu ya mchezo. Mimi nasema ni uoga.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka alipo mpigaji. Mpira ni mgumu, una gramu 145 hivi, na warushaji wa ligi kuu ya Marekani, MLB, huupeleka kwa kilomita 150 kwa saa na zaidi. Mpigaji ana chini ya nusu sekunde ya kuamua apige au aache. Ukimgonga mwilini, anapewa bure besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza anachopita akizunguka hadi arudi alipoanzia, "nyumbani", ili timu ipate pointi.

Sasa chukueni kisa cha José Bautista, mpigaji wa Toronto. Tarehe 14 Oktoba 2015, Toronto Blue Jays na Texas Rangers walikuwa kwenye mechi ya 5, ya mwisho, ya mfululizo wao wa mtoano. Raundi ya 7 kati ya 9, sare ya 3–3, Sam Dyson wa Texas anarusha. Bautista akaupeleka mpira jukwaani upande wa kushoto, pointi 3 kwa mpigo mmoja kwa kuwa wenzake wawili walikuwa kwenye besi, akasimama amekaza macho, kisha akalitupa gongo kwa dharau ambayo hata mtoto mdogo angeielewa. Toronto wakashinda 6–3, Texas wakafungasha virago.

Texas waliweka kinyongo miezi 7. Mwanzoni mwa Mei 2016 walikwenda Toronto wakacheza, hawakumgusa. Wakangoja hadi tarehe 15 Mei, mara ya mwisho kwa timu hizo kukutana katika msimu wa kawaida, wakiwa kwao Arlington. Raundi ya 8, Texas wanaongoza 7–6, akaingizwa mrushaji Matt Bush, na mpira wake ukatua kwenye mbavu za Bautista. Bush hakuwemo kabisa kwenye timu ya Oktoba 2015. Ndiyo kwanza alikuwa na siku chache ligi kuu, akalipa deni asilolikopa. Halafu angalieni matokeo: timu inaongoza kwa pointi moja tu, na kwa hiari yake inamweka kwenye besi mtu anayeweza kusawazisha.

Mnajua kilichofuata. Bautista kwa hasira akamwingilia vibaya Rougned Odor wa Texas kwenye besi ya pili, Odor akamtandika ngumi ya taya, timu zote mbili zikamiminika uwanjani. Odor akafungiwa mechi 8, baadaye zikapunguzwa hadi 7, na Bautista mechi 1. Oktoba ya mwaka huohuo wakakutana tena kwenye mtoano. Toronto wakashinda mechi 3 mfululizo, na ya tatu iliamuliwa raundi ya 10, Odor aliporusha mpira ukaenda pembeni ya besi ya kwanza, Josh Donaldson wa Toronto akakimbia hadi nyumbani, 7–6. Ngumi na mbavu za Mei hazikuwapa Texas hata ushindi mmoja wa Oktoba.

Aliyetambiwa ana njia ya kujibu. Mtoe mpigaji huyo mara tatu mfululizo mbele ya mashabiki wake, arudi benchi ameinamisha kichwa. Hilo linataka kipaji. Kumgonga mtu aliyeshika gongo tu mkononi, asiye na namna ya kukurudishia, kunataka nini?

Kutoka Dallas

Mkuu, nakuheshimu, ila hapo kwenye uoga sikubaliani nawe hata kidogo. Mimi ni shabiki wa Rangers na najua tulivyoumia ile Oktoba. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Mnakutana na watu walewale, viwanja vilevile, mwamuzi hawezi kupima dharau kwa rula. Ndiyo maana wachezaji wenyewe waliweka mipaka yao miaka mingi kabla yetu: shangilia na wenzako ukifika benchi, lakini usimfanye mwenzako kichekesho mbele ya dunia nzima. Bautista aliijua mipaka hiyo kuliko sisi sote humu. Ukimwaga mboga, namwaga ugali.

Enzi za Don Drysdale, mrushaji wa miaka ya 1950 na 1960, hukuwa unaona mbwembwe hizi. Yule bwana aligonga wapigaji 154 katika maisha yake ya mpira, na kila aliyeshika gongo mbele yake alijua kwamba akijifanya mjuaji atakula moja. Watu waliheshimiana.

Na tusipotoshe. Bautista hakulengwa kichwani. Alipigwa mbavuni, akaenda besi ya kwanza kwa miguu yake. Kuna namna ya kufanya jambo hili, na Bush alilifanya hivyo.

Kutoka Toronto

Ndugu wa Dallas, unasimulia kisa kuanzia katikati. Ile raundi ya 7 ilichukua dakika 53. Mdakaji wetu Russell Martin, anayekaa nyuma ya mpigaji, alikuwa anamrudishia mrushaji mpira, jambo linalofanyika mara mia kwa siku, mpira ukagonga gongo la mpigaji wenu Shin-Soo Choo, na Odor aliyekuwa besi ya tatu akakimbia nyumbani. Waamuzi wakakubali pointi ile, mkaongoza 3–2. Mashabiki walirusha chupa na makopo uwanjani, jambo la aibu ambalo silitetei. Tulipoingia kupiga sisi, Texas wakafanya makosa 3 mfululizo kwenye mipira rahisi, tukasawazisha, ndipo akaja Bautista.

Mtu aliyepitia saa nzima ya namna hiyo, mji mzima umesimama, timu haijafika mtoano tangu 1993, unamtaka aweke gongo chini taratibu kama anaweka glasi mezani? Ile ilikuwa furaha. Dyson hakuguswa hata unywele.

Mleta mada

Dallas, nataka tubaki kwenye hii hoja ya mbavu, maana kila anayetetea kisasi huikimbilia.

Agosti 15, 2018, Atlanta. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta, kijana wa miaka 20, amepiga homurani mechi 5 mfululizo. Mrushaji José Ureña wa Miami anaanza kazi, na mpira wake wa kwanza kabisa wa siku, kilomita 157 kwa saa, unampiga Acuña kwenye kiwiko. Kijana alitolewa nje ameshika mkono. Bahati yake hakuvunjika. Sasa niambie, mbavu ziko wapi hapo? Mpira unaokwenda kasi hiyo haufuati nia ya aliyeurusha, na mtu naye ana mwili unaojikunja kujiokoa.

Wale wanaosema "nimemrushia nyuma ya mgongo tu nimtishe" ndio wananitia hofu zaidi. Mpigaji akiona mpira unamjia, mwili unarudi nyuma wenyewe, hausubiri akili. Ukirusha nyuma yake, anarudi akiufuata mpira. Kila aliyewahi kushika gongo analijua hilo.

Ray Chapman, mpigaji wa Cleveland, alipigwa kichwani Agosti 16, 1920 jijini New York, akafa siku iliyofuata. Hakuna aliyethibitisha kwamba Carl Mays, aliyeurusha mpira ule, alikusudia, nami sisemi alikusudia. Ninachosema ni kwamba mpira huu uliua hata bila kukusudia, na helmeti haifuniki uso wote.

Halafu Acuña alimtambia nani? Kosa lake lilikuwa kupiga vizuri.

Kutoka Oakland

Hapo umesema. Mimi naongeza la hapa kwetu, ng'ambo ya ghuba, San Francisco. Oktoba 2014 Bryce Harper wa Washington alimpiga Hunter Strickland, mrushaji wa San Francisco Giants, homurani 2 kwenye mtoano, akazitazama zikienda. Giants wakashinda mfululizo ule, wakaenda wakachukua ubingwa. Strickland ana pete ya ubingwa, lakini Mei 29, 2017 bado ana hasira, akamgonga Harper kwenye nyonga. Harper akarusha helmeti, akamfuata, ngumi zikatembea. Tazameni video muone Buster Posey, mdakaji wa Giants mwenyewe: alibaki amesimama alipo. Hakutaka kuhusika.

Aliyeumia ni nani? Si Strickland, si Harper. Michael Morse, mchezaji wa Giants, alikimbilia kuamua ugomvi, akagongana na mwenzake Jeff Samardzija, akapata mtikisiko wa ubongo. Hakucheza tena ligi kuu. Strickland alifungiwa mechi 6, Harper 4 zikashushwa hadi 3. Morse alipoteza kazi kwa sababu ya kinyongo cha miaka 3 ambacho hakikuwa chake, na Giants walifungwa 3–0 siku ile.

Kutoka Minneapolis

Naomba nichangie kama Mkenya ninayeishi hapa Minnesota. Tatizo langu na hii "mipaka" ni kwamba haijaandikwa popote, na kila mtu anaisogeza atakavyo. Mei 17, 2021 Yermín Mercedes wa Chicago White Sox alipiga homurani hapa kwetu wakati timu yake inaongoza kwa pointi 11, tena kwa mpira uliorushwa na Willians Astudillo, ambaye hata si mrushaji, aliwekwa tu mechi imalizike. Hakutamba. Alipiga mpira uliokuja polepole, basi. Kesho yake mrushaji wetu Tyler Duffey akamrushia nyuma ya miguu, akafungiwa mechi 3. Na kocha wa Mercedes mwenyewe, Tony La Russa, akasimama upande wa wapinzani kumlaumu kijana wake.

Leo kosa ni kurusha gongo, kesho kosa ni kupiga mpira mwepesi, kesho kutwa kosa ni kupiga sana. Na wengi wanaofundishwa adabu hivi ni vijana kutoka Jamhuri ya Dominika, Venezuela na kwingineko, ambako mchezo huu unachezwa kwa ngoma na shangwe tangu utotoni. Hilo linanisumbua sana, na sioni likisemwa vya kutosha.

Kutoka Dallas

Minneapolis, ya Mercedes siitetei, wala ya Acuña. Kumgonga mtu kwa sababu anapiga vizuri ni upuuzi.

Lakini nyote mnalikwepa swali moja. Wao wakimgonga mchezaji wetu makusudi, tufanye nini? Mwamuzi anaweza kumtoa mrushaji, au akatoa onyo kwa timu zote mbili, ambalo linatubana sisi tuliogongwa kuliko wao walioanza, kwa kuwa wao wameshamaliza kazi yao. Mchezaji wetu nyota yuko chini anashika kiwiko, wenzake benchi wanamtazama mrushaji wao: utatulinda au hututetei? Asipojibu, kesho anagongwa mwingine. Huo ndio mzizi wa utamaduni huu, na bila huo timu yenye huruma ingekuwa ngoma ya kila mtu.

Isitoshe, zamani mrushaji alilazimika kupiga pia, kwa hiyo aliyegonga alijua zamu yake inakuja. MLB ina matawi mawili: Ligi ya Amerika iliacha utaratibu huo mwaka 1973, ya Taifa ikaacha moja kwa moja 2022. Siku hizi mrushaji anagonga halafu anakaa benchi. Nani atamwadhibu?

Kutoka Kampala

Mimi nafundisha watoto besiboli hapa Uganda. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi walifika Williamsport, Pennsylvania, wakawa wa kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto. Tangu hapo watoto wetu wanafuatilia kila kitu cha MLB kwenye simu. Wakiona mrushaji anamgonga mtu na watangazaji wanasema "ameutetea uchezaji", wiki hiyohiyo uwanjani kwangu kuna mtoto atajaribu. Helmeti tunapokezana. Mzee wa Dallas, hoja yako ya kulinda wenzako naielewa, lakini njoo uniambie nimweleze vipi mtoto wa miaka 11 tofauti ya kisasi halali na kisasi haramu.

Mleta mada

Dallas, swali lako la mwisho ndilo zuri kuliko yote humu, na jibu lake liko kwenye adhabu. Ureña alifungiwa mechi 6. Mrushaji anayeanza mechi hufanya kazi mara moja kila siku 5 hivi, kwa hiyo mechi 6 kwake ni kukosa zamu moja, na kwa mpangilio mzuri wa kocha ni kuisogeza tu. Mchezaji wa kila siku kama Odor alikosa mechi 7 kamili. Anayerusha jiwe anakosa siku moja ya kazi, anayerusha ngumi anakosa wiki.

Ninapendekeza ligi ihesabu adhabu ya mrushaji kwa zamu zake. Akithibitika kukusudia, akose zamu 4 za kuanza mechi, na timu, kama ilivyo sasa, isiruhusiwe kumwita mwingine kujaza nafasi yake muda wote huo. Hapo mzigo wa kumlinda mpigaji unakuwa wa ligi, na wenzake benchi hawana sababu ya kumgeukia mrushaji wao.

Kutoka Dallas

Zamu 4 nazikubali, na kukaa muda wote huo bila kujaza nafasi ndiko kutakakouma kweli. Ila nani atathibitisha kwamba amekusudia? Bush angesema mpira ulimponyoka, na hata Ureña alikata rufaa. Ukinipa jibu la hilo nitakuunga mkono. Usiponipa, mrushaji wangu ataendelea kumlinda mpigaji wangu.