Mbeya: kiwanja cha makazi kimewekwa mashine ya kukoboa mpunga ukutani kwangu, majirani hatukuulizwa

Wakuu, nina hasira na nitaandika hivyo hivyo.

Mtaa wetu ulipimwa viwanja vya makazi. Hati yangu inasema makazi, ya jirani yangu inasema makazi, na mchoro wa mipango miji unasema hivyo hivyo. Tulinunua kwa bei ya kiwanja kilichopimwa, tukajenga kwa kujibana, tukijua ng'ambo ya ukuta atakuja mtu na familia yake. Imekuja mashine ya kukoboa mpunga.

Asiyeishi jirani na mashine hizi anadhani tatizo ni kelele tu. Kelele zipo, na mpunga wa Usangu na Kyela ukishaanza kuingia mjini inakoboa mpaka usiku. Lakini kuna pumba. Zile laini hazianguki chini, zinapaa na upepo, zinaingia jikoni, zinatua kwenye ndoo za maji, zinaganda kwenye nguo zilizoanikwa. Mama yangu ana pumu. Baridi ya huku mnaijua, mwezi wa sita na wa saba tunafunga madirisha tangu jioni, na bado anaamka usiku anakohoa. Fuso za magunia zinageuzia kwenye kinjia cha mtaa, kona ya ukuta wangu imeshamegwa na watoto hawachezi tena nje. Wapangaji wangu wa vyumba vya uani wamehama.

Nilipokwenda kuuliza nikajibiwa kwamba maombi ya kubadili matumizi ya kiwanja hicho "yako kwenye mchakato". Mchakato gani, na mashine inanguruma? Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali cha mamlaka ya upangaji KABLA mtu hajaendeleza ardhi. Huyu mwenye mashine amejenga banda, amevuta umeme wa fezi tatu, ameanza kupokea wateja, ndipo karatasi zinamfuata kwa nyuma. Ukipinga unaambiwa ameshaweka hela nyingi, kumsimamisha ni kumwonea. Na mimi niliyeweka jasho langu lote kwenye nyumba hii, nani kanionea huruma?

Hili linaniuma kuliko hizo pumba. Hakuna aliyepiga hodi kwangu. Hakuna barua, hakuna tangazo lililobandikwa kwenye kiwanja, mkutano wa mtaa haukuitwa. Sisi tunaopakana naye ukuta kwa ukuta tumejua siku mashine ilipowashwa.

Na asije mtu hapa kusema tunachukia maendeleo. Duka la barazani, fundi cherehani, genge la nyanya, saluni, vyote vipo mtaani kwetu na tunavitegemea. Jioni vinafungwa, watu wanalala. Mashine ya kukoboa ina mahali pake. Serikali ilianzisha shirika la SIDO mwaka 1973 kwa ajili ya kuendeleza viwanda vidogo, na maeneo ya kazi kama hizi yanatakiwa kutengwa kwenye ramani, si kupenyezwa katikati ya vyumba vya kulala.

Mtendaji naye ananiambia, "Vumilia mzee wangu, kijana anatafuta riziki." Wengine wanasema nenda baraza la kata. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2021 baraza la kata kazi yake ni kusuluhisha tu, halikati shauri. Jirani akigoma kusuluhishwa unapanda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko ni wakili, nauli na kupigwa kalenda. Kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 nazo zipo, zinatenganisha eneo la makazi na la viwanda, mchana na usiku. Nani atakuja kupima saa nne za usiku huku mtaani?

Ninachotaka ni hiki: mashine izimwe mpaka maombi yaamuliwe, na sisi tunaopakana nayo tuitwe tusikilizwe, majibu yawe ya maandishi yenye mhuri.

Kama kuna aliyewahi kuweka pingamizi la kubadili matumizi ya kiwanja, iwe Mbeya, Iringa au Njombe, aniambie barua alimwandikia nani, nakala alipeleka wapi na kama alijibiwa. Majirani wote wa upande wetu wako tayari kusaini.