Marangu hadi Mandara mwishoni mwa Aprili: tubebe nini?

Binti Temeke: Wakuu, shikamooni. Tunakuja watatu kutoka Dar, mmoja ana miaka 12. Tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka kituo cha kwanza, Mandara, na kushuka siku hiyohiyo. Tuna jinzi, raba na miamvuli. Kimepungua nini?

Mzee wa Kiborloni: Marahaba. Anza kwa kupunguza: jinzi na miamvuli viache Dar. Hiyo ni masika yenyewe, na kusini mwa mlima ndiko kunakonyesha zaidi kwa sababu ya upepo wa Bahari ya Hindi. Geti la Marangu liko kama mita 1,860 juu ya usawa wa bahari, Mandara 2,720. Joto hupungua nyuzi 6 hivi kila mita 1,000. Moshi mjini haifiki mita 900, kwa hiyo ikiwa na nyuzi 23, Mandara tegemeeni 12. Jinzi iliyolowa kwenye nyuzi 12 haikauki, inazidi uzito na inanyonya joto la mwili. Mwavuli unakwama kwenye matawi, na mkono mnauhitaji kushika fimbo.

Mama Shanty: Jezi ya mpira ndiyo fulana nzuri ya ndani, inakauka upesi. Juu yake sweta la sufu au flisi, kisha koti la mvua lenye kofia. Soko la Memorial hapa Moshi makoti ya mtumba yapo tele, ila yapimeni. Geuza ndani nje, angalia kama mishono imebandikwa utepe. Ligeuze tena, mimina nusu kikombe cha maji begani kwa nje, subiri dakika mbili, kandamiza kwa kidole: ndani pakiwa na unyevu, rudisha. Likiwa linabanduka magamba kama kitunguu, usipoteze muda hata wa kulipima.

Binti Temeke: Asante mama. Mtoto nimvalishe gambuti?

Fundi Majengo: Hapana, dada. Wakati wa kushuka mguu unateleza ndani ya gambuti, vidole vinagonga mbele na kisigino kinachubuka. Mnunulie buti la kufunika kifundo lenye meno marefu chini, kubwa kidogo ili soksi nene iingie. Likunje kwa nguvu kabla ya kulipia, maana mtumba uliokaa sana soli hubanduka ghafla ikikutana na tope. Ingizeni suruali ndani ya soksi, siafu wapo. Buti likilowa, jaza magazeti na kuyabadilisha kila baada ya saa chache. Usilianike jikoni, gundi inaachia.

Mzee wa Kiborloni: Nyongeza kuhusu begi. Kile kifuniko cha mvua hakizibi upande wa mgongoni, maji hupita humo. Funga nguo kavu ndani ya nailoni nene ya duka la ujenzi: sweta moja, fulana na soksi jozi mbili kwa kila mtu, zisiguswe mpaka Mandara. Koti likae juu kabisa. Na mvua ikikatika msilivue haraka, miti huendelea kudondosha maji muda mrefu.

Binti Temeke: Tutoke saa ngapi?

Mama Shanty: Muwe getini asubuhi linapofunguliwa. Ni kilomita 8 hivi, kupanda huchukua muda wa saa tatu hadi nne, na mwendo ni wa huyo wa miaka 12. Maji lita moja na nusu kila mtu, kwenye chupa ya kudumu, zile za kutupa haziruhusiwi. Chai ya tangawizi usiisahau.

Binti Temeke: Jinzi zimeshatoka kwenye begi.