Bi mkubwa katoka mkanda wa jeshi, majirani washasema ana ngoma

BintiWaPili:
Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa wenye uelewa. Mama yangu ana miaka 58, ana baridi yabisi ya viungo kitambo, anakunywa prednisolone kila siku na methotrexate mara moja kwa wiki. Juzi kaanza kulalamika ubavu wa kulia unawaka moto, hata kanga ikimgusa hataki, tukajua ni vichomi tu. Jana asubuhi malengelenge haya hapa, yamejipanga kutoka mgongoni mpaka chini ya ziwa, upande mmoja tu. Shangazi kasema huo ni mkanda wa jeshi, kaleta majivu apakwe, na jirani mmoja alivyochungulia tu habari ikafika mpaka kwa muuza genge kwamba mama ana ngoma. Sasa ni lazima uwe na ukimwi ndo upate hii kitu? Dawa zake aache? Na wifi yangu mjamzito yupo humu humu ndani, itakuwaje?

Tabibu wa Zamu:
Pole sana dada, kwanza majivu weka kando. Huyo ni kirusi wa tetekuwanga, ukishaugua utotoni haondoki mwilini, anajificha kwenye mishipa ya fahamu miaka na miaka, kinga ikilegea anafuata mshipa mmoja mpaka kwenye ngozi, ndo maana unaona upande mmoja tu. Kinga inalegezwa na mengi: umri, VVU, saratani na dawa zake, kupandikizwa figo, na hizo prednisolone na methotrexate za mama, kazi yake ni kutuliza kinga inayoshambulia viungo. Mpeleke hospitali LEO, acyclovir (dawa ya kupambana na huyo kirusi) inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya masaa 72 tangu vipele vitokee, kwa kawaida ni vidonge vya 800mg mara 5 kwa siku kwa wiki nzima, ila kipimo apange daktari maana figo nazo zinaangaliwa. Prednisolone asikatishe ghafla mwenyewe, hiyo ni hatari, na methotrexate aulize kabla ya dozi inayofuata. Vipele vikisambaa sehemu nyingi za mwili, vikitokea usoni karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, au akaanza kuchanganyikiwa, hiyo ni dharura, anaweza kuhitaji dawa ya mshipa.

Wifi kama alishaugua tetekuwanga hana shida kubwa. Kama hajawahi au hana uhakika, asiguse maji ya malengelenge wala nguo na taulo za mama, na kama ameshamhudumia aseme kliniki mapema. Vidonda vifunikwe mpaka vikauke magamba.

Mzee wa Kijiwe:
majirani msiwalaumu sana, miaka ya tisini kijana akitoka mkanda watu walikuwa wanaanza kuhesabu siku, na kweli wengi walikutwa na ukimwi. Ila mama wa miaka 58 anayemeza steroidi (hiyo prednisolone) ana sababu yake inaeleweka. Apime tu aondoe utata, kipimo chenyewe dakika chache.
Halafu ile ya kwamba mkanda ukizunguka ukakutana unakufa ni uongo wa vijiweni

Niko Sawa Tu:
Mimi natumia ARV, mkanda ulinitokea wiki chache baada ya kuanza dawa nikajua dawa zimegoma. Nesi wa CTC, kliniki ya wenye VVU, akaniambia kinga ndo inaamka inaanza kugombana na vilivyojificha, niendelee tu kumeza. Kwa hiyo hata mwenye VVU akitokwa asikimbilie kuacha dawa jamani.

Dada wa Leicester:
Huku Uingereza 2023 wenye kinga dhaifu sana walianza kuchanjwa Shingrix, chanjo ya mkanda wa jeshi, kuanzia miaka 50, na tangu 2025 ni kuanzia miaka 18, sindano mbili. Haina kirusi hai, ndo maana wanaruhusiwa, ile ya zamani Zostavax ilikuwa na kirusi hai kwa hiyo wenye kinga dhaifu sana hawakupewa. Akishapona muulizeni daktari wake, bei nayo mjiandae kisaikolojia 😅

BintiWaPili:
Asanteni sana, tumetoka hospitali, kaanzishiwa acyclovir, methotrexate kasimamishiwa kwa muda, wifi alishaugua tetekuwanga darasa la tatu mama yake kathibitisha. Ila maumivu usiku halali kabisa, panadol haifui dafu

Tabibu wa Zamu:
Hayo ni maumivu ya neva, panadol peke yake haiyawezi. Rudi muulize kuhusu amitriptyline ya usiku au gabapentin, na mwambie dawa zote anazotumia. Kwa wenye umri huo yanaweza kubaki miezi hata ngozi ikishapona, msimwambie anadeka. Avae kitu cha pamba kilegevu, sidiria aachane nayo kwanza.

BintiWaPili:
Sawa daktari, kesho asubuhi tunarudi. Shangazi bado ana ndoo yake ya majivu hapo mlangoni