Mshindani wa darasani anageukaje kuwa mwovu bila msomaji kuona kwamba amelazimishwa?

Mwandishi wa Mwanga, Kigoma

Ndugu zangu, naandika riwaya inayotokea hapa Kigoma mwaka 1996. Wahusika wakuu ni wavulana wawili wa darasa la saba, Sadiki na Bukuru, wanaoshindania nafasi ya kwanza darasani, nao wanajua kwamba nafasi za kidato cha kwanza ni chache mno kwa shule kama yao. Katika sura ya tisa Bukuru anazichoma moto nyavu za baba yake Sadiki. Watu wawili waliousoma mswada wangu, pasipo kushauriana, wamenieleza jambo lile lile: mpaka sura ya nane Bukuru ni mtoto mwenye wivu, kisha ghafla amekuwa shetani. Nimejaribu kumpa baba mlevi anayempiga kila jioni, lakini naona nimeongeza huruma tu, wala sijaongeza sababu. Nifanyeje?

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Ndugu Mwandishi, sura ya tisa haina kosa. Kosa limo katika zile nane zilizoitangulia. Wivu peke yake hauchomi nyavu. Wivu hukaa moyoni miaka na miaka bila kumdhuru mtu, mpaka mwenye wivu apewe chombo cha kuutumia, na chombo hicho kila shule ya msingi inacho: karatasi ya wapiga kelele.

Mfanye Bukuru awe monita. Mwanzoni aandike majina kwa haki, hata la rafiki yake, na mwalimu wa zamu amsifu mbele ya darasa. Siku nyingine aandike jina la Sadiki, ambaye kweli alikuwa akipiga kelele. Sadiki achapwe viboko viwili, na Bukuru ashangae kuona jinsi moyo wake ulivyotulia. Hajasema uongo, na kwa sababu hiyo hana la kujilaumu. Wiki inayofuata Sadiki ananong'ona tu, akiomba raba. Je, kunong'ona si kelele? Anaandikwa. Halafu inafika siku ambayo Sadiki hakufungua kinywa kabisa, naye Bukuru anaandika jina lake akijiambia kwamba angeongea tu, ni vile kengele iliwahi kulia. Hapo hutahitaji kumweleza msomaji lolote, maana yeye mwenyewe amekubaliana na Bukuru mara mbili au tatu kabla ya kushtuka.

Huyo baba mlevi mwondoe. Nimefundisha watoto wengi waliokuwa wakipigwa nyumbani, na wengi wao walikuwa wapole kupita kiasi. Mpe Bukuru baba anayempenda, ambaye kila jioni akimwona anamuuliza swali moja tu: "Leo umekuwa wa ngapi?"

Mvuvi wa Kibirizi

Mimi si mtu wa riwaya, ila hizo nyavu zimenisumbua. Kwanza, nyavu za nailoni haziwaki kama nyasi. Huyeyuka, na harufu yake ingeuamsha mtaa mzima. Pili, dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa taa, na mwaka huo wa 1996 taa zenyewe zilikuwa karabai. Nyavu hulala nchi kavu wakati wa mbalamwezi, tunapopumzika na kuzishona, na usiku huo pwani kunaonekana kama mchana. Huyo mtoto angekamatwa kabla hajawasha kiberiti.

Kama unataka madhara yanayofanana na mtoto wa darasa la saba, mwache atie maji kwenye dumu la mafuta ya taa. Maji huzama chini, na karabai hunyonya mafuta kutoka chini ya tangi, kwa hiyo taa itatapatapa na kuzimika. Tena karabai huwashwa mkishafika mbali. Bukuru anaweza kujiambia kwamba amewakosesha mboga ya usiku mmoja tu. Upepo wa kusini ukivuma wakati taa imezimika, hilo yeye hakulipanga.

Bi. Mkubwa wa Tabora

Mwanangu, ushauri wa Mwalimu ni mzuri, lakini unamwacha Sadiki akiwa malaika, na malaika huchosha. Mwache naye atende kosa, nalo liwe kosa linalofanana na wema. Bukuru akibainika kuwa ameandika uongo, Sadiki asimame kwenye paredi, shule nzima ikisikia, atangaze kwamba amemsamehe, na wote wampigie makofi. Kuchapwa husahaulika, kusamehewa hadharani na mtu unayemchukia hakusahauliki. Maji yaingie kwenye dumu baada ya hapo.

Tena usimnyang'anye Bukuru kila kilicho chema. Aendelee kumtekea bibi yake maji, hata jioni ile ile, na ikiwezekana kwa ndoo ile ile.

Mwandishi wa Mwanga, Kigoma

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Bi. Mkubwa, na ahsante sana kaka wa Kibirizi. Nyavu zimekwisha kufutwa. Ndoo ile ile imeninyima usingizi. Nimeandika upya mwisho wa sura: Bukuru amekaa mlimani akizitazama taa ziwani, zinazoonekana kama mji mwingine ng'ambo ya giza, anazihesabu, na kila akirudia hesabu inapungua moja. Ninachobabaika nacho ni asubuhi yake. Je, akiri kwa mtu yeyote, angalau kwa bibi yake?

Mwalimu Mstaafu, Kasulu

Marahaba. Asikiri. Yeye bado ni monita. Mpeleke shuleni mapema, mwalimu wa zamu ampe karatasi na kumwagiza aandike majina ya wasiofika.